Samaki Wanaorudishwa Mtoni

WAYUA: Haloo? Ni nani? Ngoja, usiniambie! Sauti za wanangu nazijua zote, hata mtu akikohoa tu. Kisilu!

MUTIE: Ni Mutie, mathe.

WAYUA: Nilisema nazijua. Sikusema kwa mpangilio.

MUTIE: Uko poa lakini?

WAYUA: Niko hapa Huruma na ugali wangu mkavu. Wewe hupigi simu bure. Umefanya nini?

MUTIE: Si kitu! Jumapili sitafika kwako, ni hivyo tu. Niko huku mlimani na wageni. Saa hii tuko ndani ya mto, maji kwa magoti—

WAYUA: Na simu?

MUTIE: Nimeinua juu. (Mkwaruzo.) Network ni mbaya. Mathe, Jumatatu naandikwa! Kuongoza wageni wanaovua, kazi ya kudumu!

WAYUA: Asante Yesu! Ulianza ukirusha mshipi juu ya paa, unanasa nguo za majirani. Jogoo wangu ukamnyonyoa shingo ufunge manyoya kwa ndoano yawe chambo, akawa anawika kwa aibu.

MUTIE: (Anacheka.) Hayo manyoya ndiyo yamenifikisha huku.

WAYUA: Basi niletee samaki.

MUTIE: Si nilikueleza? Trauti akivuliwa anapigwa picha, anarudishwa majini.

WAYUA: Mtu atoke kwao ng'ambo, asimame kwa baridi, amshike samaki, halafu amwambie kwaheri?

MUTIE: Ndiyo sheria. Hata sisi. Nikipatikana na mmoja tu, kazi imeisha kabla sijaandikwa.

WAYUA: Hata kadogo ka mama?

MUTIE: Hata kadogo.

WAYUA: Mm. Na yule mama mkwe wako wa Dandora, Mwongeli, siku hizi anajisifu kanisani eti anakula—

MUTIE: Omena! Huyo hula visamaki vya omena tu!

WAYUA: Sijasema anakula nini.

MUTIE: Haloo? Unakatika-katika...

WAYUA: Mimi sikatiki. Mbona mto wako una redio?

MUTIE: Ni ya wageni.

WAYUA: Wageni wanasikiliza matangazo ya vifo kwa Kikamba?

MWONGELI: (kwa mbali) Mutie, mwanangu! Huyu trauti wa pili nimkaange pia?

WAYUA: Huyo ni nani?

MUTIE: Huyo ni... ni mpishi wa kambi.

WAYUA: Mpe simu mpishi.

MUTIE: Mathe, salio linaisha, tutaonge—

WAYUA: Mwongeli! We Mwongeli! Usimkaange! Huyo ni wangu, nakuja huko Dandora na sufuria!