Mama Skrubu Anaondoka, Faili la Ukumbi Limebaki

Ijumaa wiki hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua michoro ya majengo katika ofisi yetu, mwenzetu tuliyezoea kumwita Mama Skrubu anastaafu. Kamati ya sherehe iliniomba niandike maneno matamu kwenye jarida la ofisi. Nitajaribu, ila nina hasira, na afadhali niseme mapema.

Jina lenyewe alibandikwa kwa dhihaka. Kila mchoro wa paa la mabati ya chuma uliopita mezani kwake ulirudi na swali la skrubu: za kwenye kingo ngapi, za pale bati linapolalia bati lenzake ngapi. Mkandarasi mmoja alimuuliza kama ana hisa katika kiwanda cha skrubu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamrudishia mchoro wake.

Wengi wetu tulijifunza kazi kwa boksi lake la viatu. Alilisukuma ubavuni likiwa wazi, likapinda. Akafunika, akabandika gundi ya karatasi kwenye pembe nne tu, akasukuma; kifuniko kikateleza, boksi likapinda tena. Akabandika kingo zote, na safari hii halikutikisika.

“Bati siyo kofia ya mvua tu, mwanangu,” aliniambia siku yangu ya kwanza. “Upepo ukisukuma ukuta, ukuta unasukuma paa. Paa likishikana likawa kitu kimoja, linaupeleka msukumo ule kwenye kuta za pembeni mpaka kwenye msingi. Yakiwa mabati yaliyolaliana tu, kila moja litashika njia yake.”

Katika mwaka wake wa kumi na tisa kazini alikataa kupitisha ghala moja kubwa. Aliambiwa anachelewesha maendeleo, na mkubwa wake akasaini bila kumsikiliza. Miaka miwili baadaye, Jumapili mchana, upepo ulivuma kwa dakika ishirini. Hakuna bati lililoruka, na hilo liliwashangaza wote isipokuwa yeye. Mabati yaliteleza moja juu ya jingine, paa likaenda upande, ukuta mrefu ukalala ndani. Bahati nzuri siku hiyo ghala halikuwa na mtu. Mama aliandika ripoti ya kurasa arobaini, ikafungiwa kabatini. Hakuna aliyemwambia hata pole. Aliyesaini alipandishwa cheo, na namwomba mhariri asikate sentensi hii. Mama mwenyewe alirukwa kwenye vyeo mara tatu, bila maelezo.

Msidhani ni mtu wa kununa. Kwenye harusi ya kitinda mimba wake alichelewesha picha za familia kwa kuwa alikuwa anazunguka hema akivuta kamba moja moja. Mumewe akamfuata: “Leo wewe ni mama wa bibi harusi, siyo mkaguzi!” Akajibu bila kugeuka, “Na huyo mama wa bibi harusi ndiye hema litakayemwangukia.” Wageni walisubiri, na hema likakazwa upya.

Sasa nifike kwenye kinachonikera. Kuna faili la ukumbi wa shule ya msingi, wa watoto mia nne. Paa ni la mabati ya migongo mipana. Skrubu za kwenye maungio zimepunguzwa hadi theluthi moja, na mstari mzima wa mabati mangavu ya kuingizia mwanga umekatwa katikati ya paa, pasipo chochote cha kuziunganisha pande mbili zilizobaki. Mama amelirudisha mara nne, kila mara na hesabu kamili na namna ya kurekebisha. Marekebisho yenyewe ni kazi ya wiki moja. Badala ya kuifanya, wahusika walianza kuulizia tarehe yake ya kustaafu. Niliwasikia kwa masikio yangu kwenye korido: “Si anaondoka Ijumaa? Tusubiri tu.” Kwa hiyo watakaompigia makofi kwenye sherehe siku hiyo, wapo wanaoshangilia mlango kufunguka. Ni aibu, na ni aibu yetu sote tuliokaa kimya miaka yote hii.

Jumanne faili hilo liliwekwa mezani kwangu, na kikaratasi: nisaini Jumatatu, Mama akishaondoka. Nimezirudia hesabu zake mara mbili. Ziko sawa. Nimelikataa leo, yeye akiwa bado kazini, kwa jina langu kamili, na nakala nimempelekea mwalimu mkuu wa shule hiyo.

Mama, asante kwa miaka yako yote. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi zisizo na haraka. Ukisikia Jumatatu nimeitwa kwa mkurugenzi, usije. Nitajibu mwenyewe.