Gurudumu la Akiba

Benchi lilikuwa moja, mafundi wawili: upande huu Spoki, fundi baiskeli, mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, upande ule Kiraka, fundi viatu, aliyezoea kusema na misumari midogo mdomoni bila kumeza hata mmoja. Katikati alikaa Mama Birika na makaa yake ya kahawa. Ijumaa hiyo zilibaki siku mbili kufika mashindano ya mji, ya mbio ndefu na ya baiskeli. Kila mwaka Spoki alisimama kilomita ya sitini, chini ya mlima, na gurudumu la akiba begani, akimsubiri binti yake apite. Mwaka huu gurudumu alishalijaza upepo, lakini baiskeli ya binti ilikuwa haijaletwa kukaguliwa. Jambo hilo lilimkera, na ndiyo maana sauti yake ilikuwa juu kuliko siku zote.

— Kukimbia nani asiyejua? Hata kuku anakimbia! Nionyeshe kuku anayepanda mlima kwa baiskeli.

— Na mteremko ukifika? akauliza Kiraka. Mtu wako amekaa. Amekaa kitako, Spoki, anapunga upepo! Mkimbiaji hana mteremko wa kukaa.

— Amekaa juu ya nini? Tandiko jembamba kama mwiko. Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Mama Birika alicheka hadi kahawa ikamwagikia makaa.

— Wahenga wawili nyinyi, mnanizimia moto!

Kiraka akainua kiatu cha mbio alichokuwa akikishona.

— Tazama soli hii. Imelika kisigino, imelika kidoleni. Mwenye kiatu hiki ameamka kabla ya jogoo miezi sita mizima. Hana gia, hana mnyororo, akichoka hana cha kuegemea ila pumzi yake. Viatu vya namna hii mimi navishona kwa adabu.

Spoki akakipokea, akapitisha kidole gumba juu ya soli. Hakutaka kusema, lakini fundi akiona kazi huiona.

— Huyu ni mtu. Huyu namvulia kofia. Ila mpe mlima wangu, na upepo wa usoni! Mwendesha baiskeli akilia kwa mwendo ule, machozi yanaingia masikioni.

— Afadhali yeye anajua analia. Mkimbiaji akifika kilomita ya thelathini anasahau jina lake. Unadhani zile namba za kifuani ni za nini? Ni ili arudishwe kwao!

— Mwendesha baiskeli damu yote inamshukia miguuni. Kichwani panabaki patupu. Ile kofia ngumu ni kifuniko, bwana!

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, akasema Mama Birika, na asieleze alikuwa upande wa nani.

Hapo akatokea binti wa Spoki, bado na sare yake ya unesi, akija kwa miguu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Baiskeli iko wapi?

Binti alimnyooshea Kiraka mkono.

— Baba mdogo, viatu vyangu tayari?

Kiraka akatema misumari yote kiganjani. Kiatu kilikuwa bado mikononi mwa Spoki.

— Aliniomba nisikwambie, akasema Kiraka taratibu. Alitaka akwambie mwenyewe.

— Niliogopa, baba. Kwenye baiskeli najua ukiwa pale chini ya mlima nitafika. Huku kwenye mbio sijui. Jumapili utanisubiri kilomita ya ngapi?

Spoki aliligeukia gurudumu ukutani, limejaa upepo, halina kazi. Mkimbiaji hapati pancha. Angemsubiri na nini mkononi?

— Nina kamba za viatu za akiba, akanong'ona Kiraka.

Mama Birika akainamisha birika. Yakatoka machicha tu.

Spoki akakitazama tena kile kisigino kilicholika, miezi sita ya alfajiri alizolala yeye. Akampa mwanawe kiatu kwa mikono miwili.

— Ya thelathini, akasema. Pale mtu anaposahau jina lake. Nitasimama hapo nikuite.