Kompyuta za Wifi Yangu Hazikuzimika

Mwenyekiti, akina mama wa kikundi chetu, na nyinyi wageni wetu, asanteni kwa kunisimamisha hapa. Mmeniomba nieleze jinsi kibanda changu cha kompyuta pale mtaa wa Tuwan kilivyokaribia kufungwa na jinsi kilivyofufuka. Nitaeleza, lakini itabidi nizungumzie wivu sana. Nikiuondoa wivu, sina cha kuwaambia.

Wengi mnaijua kazi yangu. Nachukua kompyuta kuukuu zilizotoka maofisini, nazifungua, nazisafisha, naongeza memori, natoa diski ya zamani inayokwaruza na kuweka mpya. Halafu namuuzia mzazi ambaye hawezi bei ya dukani. Na nilikuwa na jambo langu la kujivunia: mashine zangu zilikuwa kimya. Niliingia kwenye mipangilio nikapunguza mwendo wa feni mpaka mtoto akaweza kulala sebuleni huku kompyuta ikifanya kazi.

Sasa, mume wangu ana dada yake Bungoma. Huyo ni wifi yangu, na anafanya kazi hii hii. Alianza baada yangu. Nataka mlisikie hilo vizuri: alianza baada yangu.

Mashine zangu zikaanza kurudi. Mteja anasema inazima yenyewe katikati ya kazi. Naiwasha kibandani, inafanya kazi kutwa nzima bila tatizo. Namrudishia. Baada ya muda anairudisha tena, na safari hii pawa saplai, kile kifaa cha kuigawia umeme, imeungua kabisa. Ikafika mahali watu wakawa wanasema ati kompyuta za Tuwan ni za kuzimika, na wengine wakaanza kutoka hapa hapa Kitale kwenda kununua Bungoma. Nilikuwa naona maboksi yakishushwa stendi, najua yametoka kwa nani, na chakula cha mchana hakishuki.

Kibaya zaidi, nyumbani kwa mama mkwe kule Bokoli kuna kompyuta ya wifi. Tulienda huko familia nzima. Kila mgeni akiingia, mama anamwonyesha. Ati hii alitengeneza binti yangu. Mimi nimekaa pale pale, nimeshika sahani. Wifi akanigeukia mbele ya wote.

"Wifi, hizo zako zinazokufa, si uwe unaniletea nizizike huku? Shamba tunalo."

Watu walicheka. Mume wangu pia alicheka, kisha akaona uso wangu akakumbuka kunywa chai yake.

Nilirudi Tuwan nimejaa hasira nikabadilisha kila kitu ndani ya boksi. Pawa saplai kubwa zaidi. Memori nyingine. Ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto, nikanunua ya bei ghali. Bei yangu ikapanda, wateja wakapungua, na mashine zikaendelea kuzima.

Ndipo mmoja wetu, yuko hapa leo na hataki nimtaje, akaja kibandani. Binti yake hufanya kazi za kuandika mtandaoni akiwa nyumbani, na kompyuta niliyomtengenezea ilikuwa imezima tena na kazi ikapotea. Mnakumbuka kikundi kilikuwa kimeamua kuwa na fundi mmoja wa kuwatengenezea wanachama wote. Aliniambia kwa upole kwamba nijaribu mara ya mwisho. Ikizima tena, kazi zote za kikundi zinaenda Bungoma.

"Sio ubaya, mama," akasema. "Ni kazi ya mtoto."

Bila kikundi hiki, kibanda kilikuwa kimeisha. Kwa hiyo nikamwambia mume wangu naenda kumsalimia dada yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kutafuta kasoro.

Kule kwenye duka lake Bungoma, wifi alinipa kiti, akanipa soda, akaendelea na kazi. Mzee mmoja akaingia, mkulima kutoka Mabanga, anataka kompyuta ya watoto. Nikatega sikio. Nilijua ataulizwa kuhusu kasi, kuhusu memori, kama ninavyouliza mimi.

"Itakaa wapi, mzee?" wifi akamuuliza.

Mzee akasema sebuleni, juu ya kabati.

"Na mahindi mnaweka wapi?"

"Hapo hapo sebuleni, mpaka tuuze."

"Na mama ataifunika na kitambaa?"

"Lazima. Si itakaa uchi, bana?"

Wifi akafungua droo akatoa kitambaa cha kroshia, kizuri, chenye maua pembeni. Akamwonyesha kwamba kinafunika juu tu, na nyuma ni kifupi. Akamweleza kuwa kompyuta inavuta hewa baridi kwa mbele na kutoa ya moto kwa nyuma, na ukiifunika kote ni kama kumfunika mtu blanketi kichwani akiwa na homa. Mzee akaondoka na kompyuta na kitambaa, amefurahi kabisa.

Ndugu zangu, nawaambia, nilihisi moto kifuani. Kwa sababu kroshia, huyo wifi, nilimfundisha mimi. Nilipoolewa katika lile boma hakujua hata kushika sindano. Na lile ua la pembeni ni langu.

Ningeweza kunyamaza, nirudi kimya kimya nikaige. Lakini sikuwa na hakika nimeelewa yote, na nafasi ilikuwa imebaki moja tu.

"Wifi, zangu zinazima," nikasema. "Na huyu mteja akienda, nafunga."

Safari hii hakucheka. "Umewahi kuingia nyumbani kwake?"

"Hapana. Wanachukulia kibandani."

"Basi umeiona ikiwa uchi tu. Nenda uione ikiwa imevaa." Halafu akapunguza sauti. "Ile ya kwanza ya mama niliiua hivyo hivyo. Alinikataza kusema."

Hiyo ilinifariji kuliko inavyofaa.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa yule mwenzetu mwenye binti. Kompyuta yangu ilikuwa chini sakafuni, imefunikwa kitambaa kizito mpaka miguuni, na kando yake magunia ya mahindi. Vumbi la mahindi lilikuwa limeziba feni kama sufi. Na zile feni nilikuwa nimezipunguza mwendo mimi mwenyewe, kwa sababu ya ule ukimya wangu. Kibandani hakuna kitambaa wala gunia, ndiyo maana kule haikuzima.

Tuliitoa nje. Nikaipiga brashi na upepo, huku nimezuia feni kwa kidole isizunguke ovyo ikaharibika. Nikapaka dawa mpya, nikaongeza mwendo wa feni. Ilianza kusikika kidogo, binti akasema afadhali kelele kuliko kuzimiwa. Tukaiweka juu ya meza, mbali na magunia, nyuma yake nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Mama mtu akafuma kitambaa kifupi. Msimu wote wa mahindi ulipita na haikuzima, na kikundi kikanibakiza. Wale wateja wengine nimewafuata nyumba kwa nyumba, na sasa sifungui boksi kabla sijaona mahali itakapokaa.

Nawashukuru nyinyi mlionisubiri. Namshukuru mwenzetu aliyenipa nafasi ya mwisho badala ya kunisema sokoni. Na somo langu ni dogo: ukimwonea mtu wivu, nenda kwake ukamuulize anafanyaje. Utaumia, lakini utarudi na kitu.

Msidhani wivu wangu umeisha. Nikisikia amepata mteja Kitale, chai bado inakuwa chungu. Na leo amekuja, ameketi pale nyuma, na hata nguo amenishinda.

Wifi, asante. Nimesema mbele ya watu wote. Usiniambie hukusikia ili nirudie.