Fundi Protas Nyongesa, Aliyechanja Visu vya Chuma, 1954–2008

Padre, majirani wa Ndabibi, na nyinyi mliotoka Nakuru asubuhi, mimi ni Rahab, dada mkubwa wa marehemu, familia ilitaka historia hii isomwe na mtu aliyesoma, lakini huyo aliyesoma hakuwepo Protas akizaliwa, mimi nilikuwepo, kwa hivyo mnivumilie.

Protas alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954 katika nyumba za reli, Nakuru, mtoto wa pili wa mfanyakazi wa reli, akaanza shule Januari 1962, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1968, hesabu akiwa wa kwanza, na insha sitaji namba, maana amelala mbele yetu.

Tarehe 3 Machi 1975 aliandikwa kazi katika karakana ya kina Bwana Lalit, eneo la viwanda, akapewa mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kigumu kikikimenya kama kiazi, na mashine hiyo hakuiacha kwa miaka thelathini na tatu.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani na Adero, aliyekuwa akiuza uji karibu na lango la karakana, na mama yetu alikuwa amekwisha kusema, "Huyu kijana hana njaa ya uji," wakajaliwa mtoto mmoja, Immaculate, tarehe 2 Julai 1980, na nyinyi mliohesabu miezi kwa vidole, wengine mko hapo viti vya nyuma, mtoto ndiye huyu, hesabuni tena.

Sasa kazi yenyewe. Mwaka wa 1996 karakana ilikuwa ikitengeneza shafti, zile fimbo nene za chuma za pampu za kule Kariandusi, na kila kisu kilikuwa kikiisha makali kabla ya shafti ya tatu, siku moja Kosgei, fundi wa mashine ya pili, akanoa kisu kwa jiwe la kukwaruza badala ya jiwe laini, kikatoka na makovu, akataka kukitupa, Protas akakiokota, kikamaliza shafti tano. Alikitazama kwa lenzi ya fundi saa, akaona mafuta ya kupozea yamekaa ndani ya makovu, na chuma kinachomenywa hakigandi tena juu ya kisu, ndipo akaanza kuchora mistari yake mwenyewe kwa kalamu ya ncha ya almasi, myembamba kama unywele, ikilala kando ya makali bila kuyagusa. Walimcheka, "Mzee, kisu kinaumwa wapi ndio ukichanje kama mganga?" Kosgei akajaribu yake, akavuta mistari mpaka kwenye makali, kisu kikakatika, na Kosgei usiniangalie hivyo, hii ni historia.

Januari mwaka huu, barabara zikiwa zimefungwa kwa zile ghasia za uchaguzi, na visu vipya haviji, karakana ilibaki na visu kumi na kimoja, vyote vya mistari, vikafanya kazi mpaka mwisho wa Februari, na Bwana Lalit akamshika Protas mkono mbele ya wafanyakazi wote.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka wa 2003, ukamshika macho, kisha figo, akalazwa tarehe 30 Juni, akatuacha Ijumaa, tarehe 11 Julai 2008, saa nne asubuhi.

Adero atanivuta leso nikifika hapa, lakini nitasoma. Jana matangani Bwana Lalit alisema, kwa heshima kabisa, kwamba kazi ya mistari imekufa na mwenyewe, na mashine atapewa mtu mwingine, na Immaculate, aliyekuwa akigawa chai, akaweka birika chini akatoka. Sasa, tarehe 7, nikiwa kando ya kitanda, Protas aliniambia, "Dada, tangu mwaka wa 2005 sijaona mstari hata mmoja, anayechora ni Immaculate, mimi niliona aibu kusema, nikienda sema wewe." Visu alivibeba nyumbani ndani ya mkebe wa chakula, msichana akavichora dirishani kila Jumamosi mchana, na vile kumi na kimoja vilivyoshikilia karakana, vyote ni vya mkono wake.

Bwana Lalit, usiniamini mimi, mimi ni mwanamke wa maneno, kila mtu hapa atakuambia, Jumatatu mpe Immaculate kisu kipya, kalamu na lenzi, kisha ukifunge kwa mashine wewe mwenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani kwa kuni na maji, na mafundi wenzake wote, hata Kosgei, aliyembeba mgongoni mpaka kwa gari siku alipoanguka.

Protas, nimesema uliyonituma, na machache ambayo hukunituma. Lala sasa, ndugu yangu, upumzike kwa amani.