Faili Lililogoma Ifakara

Saa nne asubuhi benchi la kahawa karibu na stendi ya Ifakara lilikuwa limejaa, na mada ilikuwa Balbina. Mwaka ule wa tisini na saba, ofisi ya mradi wa mpunga ilikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya, na ya tatu, ya meneja, ilikuwa bado. Balbina alikuwa akihamisha mafaili ya mfumo kutoka ile ya zamani kwenda ile mpya, iliyokuwa tupu, ili nayo iwake. Mara tatu mafaili yalifika, mara tatu mashine ikagoma. Meneja akatoa kauli: mchana anaita fundi kutoka Dar.

— Simwachii mtu, alisema Balbina akipuliza kahawa. Labda wanitoe pale na kiti changu.

Agapiti, fundi redio waliyemwita Injinia, alikohoa.

— Ni joto, dada. Faili likipita kwenye waya wa moto linanywea. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba inaingiaje hapo?

— Inaingilia kwenye waya!

Severini, ambaye kijiweni ni Bunge, alipinga.

— Joto wapi! Mashine ya Kizungu hiyo. Mmeipa jina gani?

— Mpunga Moja.

— Si unaona! Imesusa jina la shambani. Asiyesikia la mkuu...

— Mkuu ndiye anayeniita mjinga, Bunge. Na simsikii.

Watu wakacheka. Balbina hakucheka. Kitabu cha maelekezo alikisoma mwaka mzima, kamusi pembeni.

— Basi ni panya buku, alisema Injinia. Wa huku wanatafuna hata herufi.

Hapo akafika Nyamizi, mama wa Kisukuma aliyeleta mpunga kukoboa kutoka Namawala.

— Shikamoo, mama, alisema Balbina, akimpisha.

— Marahaba, mwanangu.

Nyamizi alisikiliza, kisha akauliza:

— Huo mzigo mliupima ulikotoka, mkaupima tena ulikofika?

 

Balbina aliacha kikombe, akaondoka mbio. Kompyuta huandika ukubwa wa kila faili; hakuwahi kulinganisha. Ofisini akayapima: mafaili yalikuwa yamefika yamezidi ukubwa! Kumbe aliyatuma kama maandishi ya kawaida, na programu ikawa inaongeza alama kwenye kila mstari. Akabadilisha amri, yaende kama yalivyo. Saa saba mashine mpya iliwaka.

Meneja alisimama mlangoni.

— Nani amekusaidia?

— Mama mmoja wa Namawala, alijibu Balbina bila kuinuka. Na kesho naanza na ile kompyuta ya ofisini kwako.