Majani ya Mlonge Niliyoyaita Uganga

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Leo sitaanza na wimbo. Nimekuja kutubu.

Ndugu zangu, mnajua kazi yangu. Napandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za dume tunaziandaa hapa Nyamagana, tunaziweka kwenye friji, kisha nazipeleka kwa wafugaji mpaka Kigongo. Siku ya kwanza mbegu ni nzima. Siku ya tatu nyingi zimekufa, maana hewa inaziharibu polepole, kama mafuta yanavyochacha hata ukiyafunika. Nilijua hilo, na bado nilizipeleka!

Dada Neema wa maabara alinishauri tuongeze maji ya majani ya mlonge, yazilinde. Nikamkemea. Baba yangu alikuwa mganga, ndugu zangu, nyumba yetu ilijaa majani. Nilipookoka niliyachoma yote. Nikamwambia Neema sirudii miti ya baba. Nilijiona mtakatifu kweli kweli!

Sasa, Mama Kulwa wa Kigongo ni mjane, ana ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe huyo nilimpandisha mara mbili kwa mbegu za siku ya tatu, hakushika mimba. Nikamlaumu mama wa watu kwamba anachelewa kuniita ng'ombe akiwa na joto, yaani akitaka dume. Nilipopita tena nikamkuta na mtu wa bucha, wanapatana bei ya ng'ombe.

"Daktari, kosa ni langu," akasema, huku analia. Nami nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza!

Nilichoweza ni kuomba ng'ombe aachwe wiki tatu, mpaka joto lijalo. Nikarudi kwa Neema, aibu imenijaa. Alikuwa amehifadhi chupa mbili za mbegu zilizoandaliwa siku ileile, zote zina siku tatu: moja kama ninazopeleka mimi, nyingine ina maji ya mlonge. Nikachungulia kwenye hadubini. Mbegu za chupa yangu zimelala. Za mlonge zinaogelea! Na Neema alikuwa anapima kwa matone, kwa sababu majani hayohayo yakizidi yanaua.

Nikapiga magoti palepale. Mlonge aliuumba nani? Kwa woga wangu nilimwachia shetani mti wa Mungu!

Joto lilipofika, tukampandisha ng'ombe wa Mama Kulwa kwa mbegu za mlonge. Ng'ombe ana mimba, haleluya! Lakini usingizi sikupata, maana uongo wangu ulikuwa bado kifuani mwa yule mama.

Wewe unayemwacha mwenzako abebe kosa lako, mwamini Yesu, litue leo. Mimi nalitua sasa. Mama Kulwa, nakuona hapo nyuma. Nisamehe, mama. Hukuchelewa hata siku moja.