Uso wa Mama Juu ya Kitufe cha Kulipia

Katika treni za mjini Taipei ni marufuku kunywa chochote, hata maji. Ndani ya treni moja, Bi Liao aliuona uso wa marehemu mama yake kwenye kompyuta ya kijana aliyeketi kando yake akitengeneza tangazo la mtandaoni, juu ya kitufe cha kulipia dawa ya magoti, pamoja na maneno: "Nimepona!"

"Huyo mama yangu! Amekufa hajainuka kitandani."

"Picha nimeiokota mtandaoni, shangazi. Mteja akimwona bibi, anaamini, anaongeza na mafuta ya kuchua."

"Mfute!"

"Nimfute? Ndiye anayeuza huyu!" Kijana akafungua chupa yake, akapiga funda la chai.

Treni iliposimama, askari wa kituo aliyemwona akinywa alimtoza faini. Kijana akainama kwa adabu, akaomba radhi kwa ile chai, akalipa.